Pumua Kawaida

Mwambie mtu "pumua kawaida" na hapo hapo ataacha kupumua kawaida. Wewe unayesoma hii ukiwa kwenye matatu, jaribu. Tayari umeanza kuisikia pumzi yako: inaingia, inakwama kidogo, inatoka mbio kuliko ilivyokuwa ikitoka. Dakika moja iliyopita ilikuwa inajiendea yenyewe bila kukuomba ruhusa. Sasa wewe ndiye dereva, na hujui gari lilikuwa likienda kwa kasi gani kabla hujashika usukani.

Nimeliwaza jambo hili kwa zaidi ya mwaka sasa, kwa sababu mbili. Ya kwanza, niliwahi kulazwa kwenye kitanda cha maabara, nyaya kifuani, watu wakijaribu kupima kitu ambacho hakipimiki vizuri bila pumzi kuingilia. Ya pili ni Mathe, ambaye alisikia kwamba pumzi inatibu presha, akaacha vidonge.

Wacha nianze na maabara.

Baba alifariki nikiwa mwaka wa tatu chuoni. Kiharusi. Alikuwa amekaa na presha miaka mingi akisema haumwi popote, kwa hivyo dawa ni za nini. Bili ya hospitali ilimeza karo, nami nikarudi mtaani na digrii ya takwimu ambayo sijaimaliza hadi leo. Nikaingia kazi za mtandaoni: makala za bima, maelezo ya viatu, chochote chenye dola mbili tatu kwa ukurasa. Basi rafiki aliponitumia tangazo kwamba kikundi fulani cha utafiti kinatafuta vijana wenye afya na kwamba kinarudisha nauli, elfu moja taslimu, nilienda mbio. Elfu moja ni elfu moja. Lakini pia nilitaka kujua Baba aliniachia nini shingoni.

Nasema shingoni kwa sababu huko ndiko mambo yanaanzia. Weka vidole viwili chini ya taya, pale unapotafuta mapigo. Karibu na hapo ateri kubwa inagawanyika mara mbili, na kwenye hiyo panda, ukuta wake umejaa neva zinazohisi kuvutika. Nyingine ziko kwenye aota, juu tu ya moyo. Presha ikipanda, ukuta unavutika, na hizo neva zinapeleka ripoti kwenye shina la ubongo. Ubongo unajibu kwa njia mbili: unautuma ujumbe kupitia neva ya vagasi kuuambia moyo upunguze mwendo, na unailegeza mishipa ya damu. Presha ikishuka, mambo yanageuka. Unapoinuka ghafla kitandani asubuhi, nusu lita ya damu au zaidi inateremkia miguu na tumbo. Kama huanguki, ni kwa sababu mfumo huu umefanya kazi yake ndani ya sekunde chache, wewe ukiwa bado unatafuta slipa. Wataalamu wanauita barorefleksi.

Kuna watu ambao mfumo wao ni mwepesi na kuna ambao umezubaa, na wepesi huo unaweza kuwekwa kwenye namba. Mwaka 1969, Smyth, Pickering na Sleight kule Oxford walichapisha mbinu iliyokuja kuwa maarufu: unamdunga mtu dawa ya kupandisha presha, kisha unaangalia moyo wake unapunguza mwendo kiasi gani. Ukisikia mtu ana usikivu wa 12, maana yake presha yake ya juu ikipanda kwa milimita moja ya zebaki, muda kati ya pigo moja na lingine unarefuka kwa milisekunde 12. Namba kubwa ni nzuri. Inapungua kadiri mtu anavyozeeka, na kwa wenye presha huwa chini.

Si namba ya kuchezea. Mwaka 1998, jarida la Lancet lilichapisha utafiti uliofuatilia wagonjwa 1,284 waliokuwa wametoka kupata shambulio la moyo. Wale ambao usikivu wao ulikuwa chini ya 3 walikuwa kwenye hatari kubwa zaidi ya kufa kwa ugonjwa wa moyo. Niliisoma hiyo kwenye simu usiku wa kuamkia siku ya maabara. Usisome vitu kama hivyo usiku.

Siku hizi si lazima wakudunge. Kuna kifaa cha kuvalisha kidole kinachopima presha ya kila pigo, pigo baada ya pigo, bila sindano. Wazo lake lilitoka kwa Jan Peňáz, mwanasayansi wa Czechoslovakia, miaka ya 1970. Kinaufinya mshipa wa kidole na kuulegeza kwa kasi ya ajabu, ukaao kwa ukubwa ule ule, na nguvu inayohitajika kuubana ndiyo presha yenyewe. Ukiunganisha na nyaya za moyo, kompyuta inatafuta mahali ambapo presha imepanda mapigo matatu mfululizo na muda kati ya mapigo nao umerefuka, au vyote viwili vimeshuka pamoja. Inahesabu mteremko wa hivyo vipande, inatoa wastani. Hiyo ndiyo namba yako. Wewe umelala tu.

Dada aliyekuwa akiendesha mashine alikuwa mwanafunzi wa uzamili. Nilimwita daktari, akasema bado, tungoje. Alinifunga mkanda kifuani wa kufuatilia pumzi, akanivalisha kile kifaa cha kidole, akaniambia maneno matatu: "Usiongee. Pumua kawaida."

Nikalala pale dakika tano nikijaribu kuwa kawaida.

Baadaye akawasha mlio kwenye kompyuta, nipumue kwa kuufuata: mara 15 kwa dakika. Halafu tena, mara 6 kwa dakika, pumzi moja kila sekunde kumi. Hii ya mwisho mwanzoni inatisha, unaona kama utazama, kisha mwili unakubali.

Namba zangu: kwa pumzi yangu mwenyewe, 9. Kwa pumzi 15, 12. Kwa pumzi 6, 21.

Ndani ya saa moja nilikuwa watu watatu. Moyo ule ule, shingo ile ile, chai ile ile ya asubuhi. Nikamuuliza, "Sasa ipi ndiyo yangu?"

Akacheka. "Hiyo ndiyo tasnifu yangu."

Halafu akanieleza, na kwa mara ya kwanza tangu niache chuo nilisikia ile raha ya darasani. Kwa sababu tatizo lenyewe lilikuwa la takwimu.

Mvua ikinyesha Nairobi, mambo mawili hutokea. Miavuli inajaa mikononi mwa wachuuzi pale Tom Mboya, na nauli ya kurudi nyumbani inapanda kutoka hamsini hadi mia. Mtu asiyejua mvua ni nini, akiangalia tu mauzo ya miavuli na bei ya nauli, ataapa kwamba miavuli ndiyo inayopandisha nauli. Vinapanda pamoja, vinashuka pamoja, uhusiano safi kabisa. Kumbe kuna kitu cha tatu ambacho hakijaandikwa kwenye daftari.

Kwenye barorefleksi, mvua ni pumzi. Unapovuta hewa, presha ndani ya kifua inashuka, damu inavutwa kurudi upande wa kulia wa moyo, na kwa muda mfupi upande wa kushoto unasukuma kidogo kuliko kawaida. Presha inateleza chini. Wakati huo huo, moyo unaongeza kasi. Ukitoa hewa, presha inapanda na moyo unapunguza mwendo. Hilo la moyo unaweza kulihisi mwenyewe ukishika mapigo na kupumua kwa kina; Carl Ludwig, Mjerumani, alilirekodi mwaka 1847. Kompyuta inaona presha ikishuka na mapigo yakikaribiana, inasema: ahaa, barorefleksi hiyo. Na kwa sehemu ni kweli. Lakini sehemu nyingine ya mabadiliko ya moyo haitokani na presha kabisa. Kituo cha pumzi kwenye shina la ubongo kina mazungumzo yake na neva ya vagasi, jirani kwa jirani. Kila kinapoagiza pumzi iingie, kinaifunga mdomo ile neva. Ni kiasi gani kinatokana na hiki na kiasi gani na kile, mabingwa wamebishana kwa miongo. Mwaka 2009 jarida moja la fiziolojia liliwapa Dwain Eckberg na John Karemaker kurasa za kubishania jambo hilo hilo, mmoja upande huu, mwingine ule.

Eckberg huyo alikuwa amelichunguza kwa njia nyingine tangu miaka ya 1970. Yeye na wenzake walimvalisha mtu kitu kama kola, wakafyonza hewa ili ngozi ya shingo ivutike nje, na ile ateri ivutike pamoja nayo. Neva zikadanganyika kwamba presha imepanda. Walipofyonza mtu akitoa hewa, moyo ulipunguza mwendo vizuri. Walipofyonza kwa nguvu ile ile mtu akivuta hewa, moyo ulijibu kidogo tu. Ujumbe ni ule ule ila umefika mlango ukiwa umefungwa nusu. Kwa hivyo pumzi haichafui tu hesabu kwa nje. Ndani ya mwili, ndiyo inayoamua ubongo utausikiliza ujumbe wa shingo wakati gani.

Na kwa nini 6 kwa dakika ilinipa 21? Kwa sababu presha yenyewe, hata ukilala kimya, ina mawimbi yake madogo ya kama sekunde kumi. Ukipumua mara moja kila sekunde kumi, unamsukuma mtoto kwenye bembea wakati ule ule anapokuwa akirudi. Mawimbi yanakua, moyo unayumba nayo kwa upana zaidi, namba inapaa. Halafu unatoa hewa kwa muda mrefu zaidi, yaani mlango unakaa wazi muda mrefu zaidi.

Ile 9 ya kwanza je? Dada alinionyesha mstari wa mkanda wa kifua. Ulikuwa kama mwandiko wa mtu aliyepanda bodaboda kwenye matuta: pumzi fupi tatu, moja imezuiliwa, kisha mguno mrefu, kisha haraka tena. Hiyo ndiyo "kawaida" ya mtu aliyesoma Lancet usiku. Ndiyo maana watafiti makini hawatoi namba peke yake. Wanarekodi pumzi, wanaiongoza kwa mlio au angalau wanaandika ilikuwa ngapi kwa dakika, na hawamlinganishi aliyepumua 6 na aliyepumua 15 kana kwamba ni mizani moja.

Nilipokea elfu moja yangu nikaenda nyumbani. Usiku huo nilimhadithia Mathe yote, akisuka mkeka wake wa plastiki, akiitikia "enhe" pale panapostahili.

Miezi minne baadaye nikaona kikopo chake cha vidonge kimejaa. Cha mwezi huo kilipaswa kuwa kimefika nusu.

"Mama, hizi mbona ziko hivi?"

"Nimepumzika kidogo."

Alikuwa ametumiwa video kwenye kundi la jumuiya. Mtu wa koti jeupe anaeleza kwamba wazungu wamethibitisha: pumua polepole, mara sita kwa dakika, hata kusali rozari kunatosha, mishipa inafunguka, presha inajirekebisha, vidonge ni biashara. Wiki tatu alikuwa akifanya hivyo kila jioni akiamini kabisa. Nilipoanza kubisha alinitazama vile mama Mkenya anavyokutazama ukijifanya umesoma kuliko yeye.

"Si ni wewe uliniambia mashine ilikupa namba nzuri ulipopumua polepole?"

Shida ya ile video ni kwamba haikuwa uwongo mtupu. Utafiti wa rozari upo. Mwaka 2001, Luciano Bernardi wa Italia na wenzake waliwachukua watu wazima 23 wenye afya, wakawapa kusali Salamu Maria kwa Kilatini, na mantra za yoga. Vyote viwili viliteremsha pumzi hadi karibu mara sita kwa dakika, na wastani wa usikivu wa barorefleksi ukapanda kutoka 9.5 hadi 11.5. Imechapishwa kwenye British Medical Journal, si kwenye kundi la WhatsApp. Baadaye walijaribu pumzi ya polepole kwa wagonjwa wa moyo na kwa wenye presha, namba ikapanda vile vile, na kwa wenye presha hata presha yenyewe ikashuka wakati wa zoezi.

Neno ni "wakati wa". Watu 23 wenye afya, waliopimwa wakiwa wanasali, hawawezi kumwambia mama wa miaka 54 ambaye mumewe alikufa kwa kiharusi kwamba aache dawa. Namba iliyopanda kwa sababu umebadilisha pumzi inakueleza kuhusu wewe na pumzi hiyo, dakika hizo. Haikuelezi mishipa yako ikoje saa tisa usiku ukiwa umelala, au saa nne asubuhi ukibishana na askari wa kanjo.

Lakini hayo huwezi kumwambia Mathe hivyo. Yeye anauza mboga Umoja kwa miaka 17, anaamini anachokiona. Kwa hivyo niliazima mashine ya presha ya jirani, tukafanya utafiti wetu.

Nilimkalisha kwenye kiti chenye mgongo, nyayo chini, miguu haijapishana, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Nikamwomba aende msalani kwanza. Dakika tano bila kuongea, kwa sababu kuongea peke yake kunapandisha presha, na kwa Mathe hilo ndilo lilikuwa sharti gumu kuliko yote. Tukapima: 158/96. Halafu dakika kumi za pumzi ya polepole, nikimhesabia kwa saa ya simu. Tukapima: 146/90. Akatabasamu kama aliyeshinda kesi.

"Umeona?"

"Nimeona. Nenda kibandani, urudi baada ya saa moja."

Akaenda. Akauza, akagombana na mtu wa viazi, akarudi. Tukarudia yote: kiti, nyayo, mkono, dakika tano za kimya. 159/95.

Alikaa akiitazama ile skrini ndogo hadi ikajizima. Nilikuwa nimeandaa hotuba ndefu yenye mvua na miavuli ndani yake. Sikuitoa, kwa sababu aliniwahi.

"Ni kama sukuma ikinyauka jua la saa saba," akasema. "Ukiinyunyizia maji, inaamka. Mteja anaona imetoka shamba leo. Lakini haijarudi shamba."

Nikamwambia ndivyo hivyo. Nikamwambia pia kwamba maji hayo si mabaya. Kuna tafiti zinazoonyesha kwamba mazoezi ya pumzi ya kila siku yanaweza kuteremsha presha kidogo, ukiyaongezea juu ya dawa, si badala yake. Hakuna anayemkataza kupumua. Kesho yake tulienda kliniki, akaeleza mwenyewe wiki tatu zake, na clinical officer akamrudisha kwenye vidonge bila kumgombeza.

Huwa nafikiria Baba katika haya. Yeye alikuwa na kipimo kimoja tu, kwamba hasikii kuumwa, na kwa kipimo hicho alikuwa mzima hadi asubuhi ile. Mathe naye alipata kipimo kizuri kilichopimwa wakati mmoja tu wa siku. Mimi huulizwa na shangazi kila Krismasi kwa nini nilikuwa na alama nzuri halafu nikaacha chuo, na huwa anaunganisha mambo hayo mawili kwa haraka sana. Ukiona vitu viwili vinashuka pamoja, uliza kwanza ni nini kilikuwa kikipumua kati yavyo. Takwimu ilinifundisha hilo mwaka wa kwanza, muhula wa pili, na ndilo somo ambalo hakuna aliyenidai karo yake tena.

Siku hizi Mathe ana daftari la mistari la shilingi thelathini. Anameza kidonge asubuhi. Jioni anasali rozari yake kwa Kiswahili, sauti ya chini. Nimempima kwa saa ya simu bila yeye kujua: kila Salamu Maria ni sekunde kumi, wakati mwingine kumi na mbili akiwa amechoka. Hatupimi wakati huo. Tunapima asubuhi, kabla ya chai na kabla ya kidonge, pumzi ikiwa ya kwake mwenyewe.

Leo ilikuwa 136/84. Nilipoandika, alichungulia juu ya bega langu akasema nimesahau kitu.

"Andika na saa. Na uandike nilikuwa nimekaa."